USIPANDE MBEGU ZOTE KWA MVUA YA KWANZA
Somo la bustani ya nyumbani kwa miezi ya Machi, Aprili na Mei

Mwezi huu somo letu si la ugonjwa bali la jembe. Lakini mwisho wa somo mtaona kwamba jembe na afya ya mtoto ni jambo moja.

Ukimaliza kusoma utaweza:
- kujua kama mvua imeanza kweli au inatudanganya;
- kugawa mbegu zako ili usipoteze zote kwa siku moja;
- kupambana na wadudu, kuku na mbuzi bila hasara wala ugomvi;
- kuipeleka mboga kutoka bustanini hadi kwenye sahani ya mtoto bila kupoteza nguvu yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Naanza na kosa langu, kwa sababu somo hili nililinunua kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Nyumba moja nilimkuta mtoto wa miezi 14. Utepe ulisoma sentimita 12.0, yaani rangi ya njano. Nilimwandikia mama yake karatasi ya kwenda kituo cha afya, naye akaenda. Kisha nikamuuliza kuhusu mboga. Akanionyesha kifurushi cha mbegu alichogawiwa: lengalenga, kunde, bamia na sukuma wiki. Usiku uliotangulia mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye mafunzo wiki iliyopita, "Mama, panda leo leo, usiache hata moja. Mtoto anahitaji mboga haraka."

Mama alinitii. Alilima siku mbili, mtoto akiwa mgongoni, akapanda zote. Siku ya nne lengalenga ilichomoza kama nywele za kijani. Siku ya sita kunde zilitoka. Halafu mvua ikakatika. Zikapita siku 16 bila tone, na jua lile mnalolijua. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, na jerikeni mbili alizopata kwa siku zilikuwa za kunywa na kupikia. Miche ikalala chini, ikakauka. Machache yaliyobaki kuku waliyamaliza.

Niliporudi mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe umesoma vitabu, lakini mvua hujaisoma." Maneno yale yaliniuma kuliko matusi.

Kilichookoa nyumba ile ni kibuyu cha mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa ameficha humo kunde zilizochanganywa na majivu, bila kumwambia mtu. Mvua iliporudi katikati ya Aprili walizipanda. Mimi nilibaki na aibu yangu, nikaenda kukaa kwa bibi nijifunze. Mengi ya somo hili ni yake na ya wakulima wenyeji wetu, Wakakwa na Walugbara. Mengine ni ya mafunzo yetu ya afya.

KWA NINI BUSTANI NI MUHIMU SASA

Wote mnakumbuka. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba. Chakula cha mgao hushibisha tumbo, lakini majani mabichi hayamo ndani yake. Mtoto anaweza kushiba posho na maharage na bado akakosa vitamini A na madini ya chuma.

Wengi wetu tuna kiwanja kisichozidi mita 30 kwa 30, na humo humo kuna nyumba, jiko na choo. Kiwanja hicho hakiwezi kutulisha mahindi ya mwaka mzima. Lakini matuta mawili ya mita 1 kwa 3 yakitunzwa vizuri yanaweza kutoa mboga ya sufuria mara kadhaa kwa wiki.

SOMO LA KWANZA: KUISOMA MVUA

Hapa West Nile, kiangazi (wengine tunasema kipwa) hukaa Desemba hadi Februari. Mvua za kwanza hushika mwishoni mwa Machi au Aprili, huendelea hadi Juni, kisha hupungua kidogo. Mvua kubwa huja kuanzia Agosti hadi Novemba. Rhino Camp iko chini, karibu na Nile, na joto lake ni kali kuliko kwetu Koboko kwenye miinuko. Kwa hiyo usipande kwa sababu tu umesikia kwamba ndugu yako wa Koboko amepanda.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini wingu moja si msimu. Mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi huja na upepo na kelele, hunyesha saa moja, kisha huondoka. Juu udongo unaonekana umelowa, chini ni vumbi. Mbegu ndogo hailijui hilo. Ikishakunywa maji na kupasuka haiwezi tena kurudi kulala. Maji yakikatika inakufa.

Fanya hivi kabla ya kupanda:

1. Subiri mpaka asubuhi baada ya mvua. Chimba kwa jembe, kisha ingiza mkono kwenye shimo. Kama unyevu umefika vidole tu, ngoja. Kama umefika kwenye kifundo cha mkono, na udongo ukiufinya unashikana bila kutoa maji, ardhi iko tayari.
2. Hesabu mvua. Mvua moja ni mgeni mpita njia. Mvua mbili au tatu nzuri ndani ya siku kumi zinaonyesha kwamba msimu umeanza.
3. Waulize wazee wenyeji. Wao wameiangalia mbingu hii tangu utoto. Ukiona jirani mwenyeji bado anasafisha shamba na hapandi, muulize kwa heshima anangoja nini.

Wakati unangoja usikae bure. Lima matuta, kusanya majani makavu, tengeneza uzio, weka mbolea iliyooza. Mvua ikija kweli, wewe kazi yako ni kupanda tu.

SOMO LA PILI: MAFUNGU MATATU

Hili ndilo somo lenyewe, na mengine yote yanalisaidia. Gawa kila aina ya mbegu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: panda ardhi inapokuwa tayari.

Fungu la pili: panda baada ya wiki mbili. Kama la kwanza limekufa, hili linaziba pengo. Kama limekua, hili litaanza kuvunwa wakati la kwanza linachoka, na nyumba haitakosa mboga.

Fungu la tatu: weka akiba. Kausha mbegu vizuri kivulini, changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, tia kwenye kibuyu au chupa kavu na ufunge vizuri. Weka mahali penye ubaridi ndani ya nyumba, si chini ya bati lenye joto, na pasipofikika na panya. Kama msimu umeenda vizuri, hizo ni mbegu zako za Agosti.

Wengine wataniambia, "Mbegu zenyewe ni chache, nigawe nini?" Mbegu za lengalenga kijiko kimoja cha chai ni maelfu. Zichanganye na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa kopo moja la mchanga, ndipo umwage kwenye mistari. Utashangaa zitakavyoenea. Haba na haba hujaza kibaba, na pia haba na haba hulinda kibaba kisimwagike chote.

Usisahau kwamba kila mboga ina siku zake. Lengalenga na majani ya kunde huanza kuchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupanda. Hizi ndizo za kumwokoa mtoto haraka. Sukuma wiki hukaa kitaluni kama wiki nne, kisha huhamishwa na kukua tena zaidi ya mwezi. Nyanya hudai karibu miezi mitatu. Usipande nyanya peke yake ukafikiri umepanda chakula cha Mei.

Tafuteni pia mashina ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Hapa Uganda aina mbili, Kakamega na Ejumula, ziliruhusiwa rasmi kwa wakulima mwaka 2004. Mtafiti Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mwanga na wawili kati yao walipewa kwa kazi yao juu ya viazi hivi, maana vinampa mtoto vitamini A. Majani yake, matembele, nayo ni mboga, kwa hiyo unakula juu wakati chini kunajaa.

SOMO LA TATU: MCHE MDOGO NI KAMA MTOTO MCHANGA

Mbegu za sukuma wiki, nyanya na biringanya ziote kwanza kwenye kitalu. Kitalu cha mita 1 kwa 1 kinatosha. Kifunike kwa majani makavu mpaka mbegu zichomoze, kisha yaondoe na ujenge paa dogo la nyasi juu ya vijiti, urefu wa goti. Siku za mwisho punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Ihamishe jioni, si saa sita mchana, na uimwagie maji kabla ya kuing'oa na baada ya kuipanda.

Kitalu hicho kinaishi kwa lita 5 za maji kwa siku, yaani robo ya jerikeni ya lita 20. Pa kuyapata ni jikoni: maji ya kuosha mboga, ya kuosha mchele, na ya kusuuzia vyombo. Mwaga kwenye shina, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi ya unga usiyapeleke kwenye miche. Yape mgomba.

Kama kiwanja chako ni mawe matupu, tumia gunia. Simamisha safu ya kokoto katikati, jaza udongo uliochanganywa na mbolea kando yake, toboa matundu ubavuni na upande mche mmoja kila tundu. Ukimwaga maji juu, kokoto zitayapeleka mpaka chini. Gunia moja linabeba miche 20 au zaidi.

SOMO LA NNE: WANAOTUIBIA

Kiwavi anayekata mche usiku. Asubuhi unakuta mche umelala kama umekatwa kwa kisu. Usiulaumu udongo. Fukua kando ya shina, kina cha kidole kimoja, utamkuta kiwavi wa rangi ya udongo amejikunja. Muue. Miche iliyobaki izungushie majivu makavu, na mvua ikiyasomba weka tena.

Vidukari. Ni wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani ya kunde na sukuma wiki, na majani hujikunja. Wafute kwa vidole vilivyolowa maji yenye sabuni kidogo, au wanyunyizie maji hayo jioni. Jani lililojaa sana lichume ulitupe mbali.

Mchwa. Wanapenda nyasi kavu na vijiti vilivyokufa. Usirundike nyasi kavu kugusa shina, acha nafasi ya kiganja kimoja.

Kunyauka kwa ghafla kitaluni. Miche midogo inaanguka kwa makundi na shina lake limelegea karibu na udongo. Sababu ni kubanana na maji mengi. Punguza miche, punguza maji, acha hewa ipite. Usirudie kitalu mahali pale pale.

Tahadhari kubwa: msinunue dawa ya wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Hakuna anayejua ni dawa gani, na mtoto akiiona ataiona soda. Mtoto akinywa, usimpe maziwa wala mafuta wala kumtapisha. Mkimbize kituo cha afya mara moja na uichukue chupa yenyewe.

SOMO LA TANO: KUKU, MBUZI NA UJIRANI

Kuku wanatafuta vitu viwili, mbegu na udongo uliofukuliwa. Weka matawi ya miiba juu ya tuta mpaka miche ifike urefu wa kidole, halafu uzungushie uzio wa vijiti vilivyobanana.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Nimeona neti za mbu zimezungushiwa bustani. Najua kwa nini: neti ni nyepesi na haigharimu. Lakini mvua inayoleta lengalenga ndiyo inayoleta mbu. Neti ambayo bado ingeweza kumfunika mtoto usiku si uzio. Ukiokoa miche ishirini na mtoto akapata malaria, hukuokoa kitu, maana malaria humnyang'anya mtoto damu ile ile tunayoitafuta kwenye mboga. Kama neti imechanika kabisa, muulize kwanza mhudumu wa afya wa kijiji chako.

Mbuzi ni jambo la watu kuliko la wanyama. Mbuzi wengine ni wa wenyeji waliotupa ardhi, wengine ni wetu wenyewe. Mbuzi akiingia, usimpige panga. Mkamate, mfunge kivulini, mpe maji, na umwite mwenye mbuzi aje aone hasara kwa macho yake. Msipoelewana, nendeni pamoja kwa mwenyekiti wa wakimbizi na mwenyekiti wa LC1. Na bora zaidi, kabla mvua haijaanza, nenda kwa jirani ukamwambie, "Baba, wiki ijayo napanda, naomba tusaidiane kufunga mbuzi." Nimeona neno hilo likizuia ugomvi mwingi.

SOMO LA SITA: KUTOKA TUTANI HADI SAHANI

Mboga iliyouzwa yote sokoni haijamsaidia mtoto wa nyumba hiyo. Sikatazi kuuza, maana chumvi na sabuni vinatakiwa. Lakini chuma kwanza ya sufuria, kinachobaki ndicho uuze.

1. Osha mikono, kisha osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata, si baada ya kuyakata.
2. Pika kwa muda mfupi. Kupika sana na kutia magadi mengi kunaua vitamini. Sombe peke yake ni tofauti: itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu yake itoke.
3. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini pamoja na mafuta. Tia nyanya au ndimu, maana husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini hayo.
4. Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Kuanzia miezi sita, ponda mboga iwe laini, uchanganye kwenye uji mzito au kwenye maharage yaliyopondwa. Mpe kwenye sahani yake mwenyewe. Kwenye sahani moja na wakubwa, mdogo hushindwa.

Na mbolea: kinyesi kibichi cha mbuzi au cha kuku kinaunguza miche na kinaleta magonjwa ya tumbo. Kirundike, kifunike, kiache kioze miezi mitatu kabla ya kukitumia. Kinyesi cha binadamu kisiingie bustanini kabisa. Na makopo ya maji yasiachwe wazi, mbu huzaliana humo.

MWISHO WA ILE HADITHI

Mtoto wa yule mama aliendelea kupata chakula cha lishe kituoni. Sitaki mtu aseme kwamba kunde peke yake zilimponya, maana utepe ukiwa njano au mwekundu, kituo ndicho cha kwanza. Lakini kuanzia katikati ya Mei alikuwa anakula majani ya kunde ya bibi yake, yaliyopondwa na mafuta kidogo. Mwezi wa Juni nilimpima tena: sentimita 12.7, kijani. Mama yake aliangalia utepe, akaniangalia mimi, akacheka. "Sasa unaanza kusoma," akaniambia.

Siku hizi nikiona mvua ya kwanza naenda kwenye nyumba zangu zote, na neno langu la kwanza ni "Ngoja kidogo, mama. Tuchimbe kwanza."

TUKUMBUKE

- Chimba kabla ya kupanda. Unyevu ufike kwenye kifundo cha mkono.
- Mafungu matatu: moja sasa, moja baada ya wiki mbili, moja akiba.
- Neti ni ya kulalia.
- Sufuria ya nyumbani kwanza, soko baadaye.
- Utepe chini ya sentimita 11.5 ni mwekundu: kituo cha afya leo leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: kituo wiki hii. Kuanzia 12.5 ni kijani: endelea hivyo hivyo. Vipimo hivi ni vya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KWENYE KIKUNDI

1. Msimu uliopita mbegu zenu zilipotea wapi: juani, kwa wadudu, au kwa wanyama?
2. Ni nani nyumbani kwenu anayetunza mbegu za akiba, na zimewekwa wapi?
3. Ni jirani yupi mnapaswa kuongea naye kuhusu mbuzi kabla ya kupanda?
4. Mtoto wenu mdogo alikula mboga za majani mara ngapi wiki hii?

Kama una swali, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako, yule mnayemwita VHT. Na kama una ujuzi wa mbegu kama bibi yule, tafadhali usiufiche kwenye kibuyu. Tuiteni, tuje tukae chini tujifunze.